Video ya Mfanyabiashara Mdogo Iwe na Kwao

Mteja wa leo akipendezwa na kabati aliloliona kwenye picha, swali lake la kwanza ni bei, na ombi linalofuata ni "nitumie video." Analisema mtu wa Mwanza kwa fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam. Analisema mtu aliyeko Muscat anayejenga nyumba Unguja na anayetaka milango ichongwe kabla hajarudi. Analisema mama wa Nakuru anayeagiza sofa kwa mafundi wa barabara ya Ngong, Nairobi. Picha imepoteza heshima yake machoni pa wanunuzi, kwa sababu wengi wameshalipia kitu kimoja wakaletewa kingine. Inaweza kuwa imechukuliwa kwenye tovuti ya kiwanda cha China, imeng'arishwa na programu ya simu, au ni ya kabati jingine lililouzwa mwaka juzi. Mteja anataka kuona droo ikivutwa na kurudi, mlango ukifungwa bila kukwama, mkono ukipita kwenye mbao, na kusikia sauti ya mwenye mali akieleza. Anatafuta ushahidi.

Naamini mustakabali wa video kwenye tovuti za biashara ndogo umo ndani ya ombi hilo. Kwa muda mrefu wafanyabiashara wadogo wameuziwa wazo kwamba video ni pambo: kamera ikipaa juu ya jengo, muziki mzito, nembo ikizunguka, watu wakitabasamu. Tangazo la namna hiyo linazifaa benki na kampuni za soda, ambazo zina fedha za kulirudia kwenye televisheni mpaka jina likae vichwani mwa watu. Fundi mwenye karakana ya watu wanne hana fedha hizo, na hata angekuwa nazo, mteja wake hajamuuliza habari za nembo. Amemuuliza kama mbao zimekauka. Video itakayomfaa sasa na miaka ijayo ni ile fupi inayojibu swali moja ambalo mteja angeliuliza kama angekuwa amesimama mbele ya bidhaa, na inayokaa mahali ambapo mfanyabiashara mwenyewe ana mamlaka napo, yaani kwenye tovuti yake. Sehemu ya kwanza ya hoja hii wengi wataikubali upesi. Ya pili ndiyo yenye ubishi.

Ubishi wenyewe una nguvu na haufai kupuuzwa. Tovuti ya nini, watu watauliza, wakati wateja wote wako WhatsApp, Instagram na TikTok? Sehemu ya Status ya WhatsApp, yenye kuonyesha picha na video kwa saa 24, ilikuja mwaka 2017. WhatsApp ya biashara, yenye orodha ya bidhaa na majibu ya haraka, ikafuata mwaka 2018. Instagram ikaongeza video fupi za Reels mwaka 2020 ili kushindana na TikTok. Vyote hivi mfanyabiashara anavipata bila kulipa ada ya mwaka wala kumtafuta mtaalamu wa kompyuta. Zaidi ya hapo, kampuni za simu huuza bando maalumu za mitandao ya kijamii kwa bei nafuu kuliko bando la kawaida, hivyo kuna wateja ambao kufungua WhatsApp kunawagharimu kidogo kuliko kufungua tovuti yoyote ile. Mtu anayemshauri mama lishe au mshonaji ajenge tovuti bila kuyataja haya hajafanya hesabu za mteja wake.

Lakini tuitazame video hiyohiyo baada ya kuwekwa. Kwenye Status inaishi siku moja, kisha inatoweka. Kwenye Instagram na TikTok haitoweki, ila inazama chini ya nyingine, na anayeitafuta baada ya miezi miwili lazima akumbuke jina la akaunti na ateremke kwa kidole mpaka achoke. Ndiyo maana fundi anaulizwa swali lilelile kila wiki na kulijibu upya kila wiki: anarekodi, anatuma, inapotea, anaulizwa tena. Kazi ya kurekodi ameshaifanya, na mara nyingi ameifanya vizuri, kwa sababu alikuwa akimjibu mtu halisi mwenye swali halisi. Alichokosa ni mahali pa kuiweka ili mteja wa mwezi ujao aikute akiwa peke yake, saa tano za usiku, wakati fundi amelala. Ukurasa wenye anwani isiyobadilika ndio unaoifanya kazi hiyo, nao mfanyabiashara anaweza kuuandika kwenye kadi, kwenye risiti, kwenye ubao wa karakana, na kuutuma kwenye WhatsApp hiyohiyo.

Kuna sababu nzito zaidi, nayo ni mamlaka. Aliyejenga biashara yake yote ndani ya jukwaa la kampuni nyingine anaishi kwa kanuni ambazo hakuulizwa zilipotungwa na hataulizwa zitakapobadilishwa. Vine, programu ya Marekani iliyowafanya watu wengi wajulikane kwa video za sekunde sita, ilitangazwa kufungwa Oktoba 2016 na ikafungwa Januari 2017. India ilipiga marufuku TikTok Juni 2020, na watumiaji wanaokadiriwa kufikia milioni 200, wakiwamo wauzaji wadogo wengi, wakapoteza wafuasi waliowakusanya kwa miaka. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa muda wa saa sita hivi, kuanzia jioni hadi usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kwa kosa la kiufundi ndani ya kampuni yenyewe. Tovuti za kawaida ziliendelea kufunguka.

Uganda inatupa mfano wa karibu zaidi. Kuanzia Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetaka kutumia Facebook, WhatsApp, Twitter na mitandao mingine ya namna hiyo. Muuza nguo wa Kampala aliyekuwa akionyesha mzigo wake huko alijikuta wateja wake wanatozwa kabla hawajaiona bidhaa. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye bando za intaneti. Mwaka huohuo, siku chache kabla ya uchaguzi wa Januari, Facebook ilizuiwa nchini humo, na uzuiaji huo ukaendelea kwa miaka baada ya kura kuhesabiwa. Nchini Tanzania nako, mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025. Sina haja ya kuingia katika siasa za hatua hizo ili kuona zinamfundisha nini mwenye duka. Kodi ya 2018 ilikuwa juu ya majukwaa yaliyotajwa, na mteja aliyefungua ukurasa wa duka moja kwa moja hakudaiwa zile shilingi 200.

Hata pale jukwaa linapofanya kazi vizuri, hesabu zake zinahitaji tahadhari. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imewapa watangazaji wastani uliozidishwa wa muda ambao watu hutumia kutazama video. Ilikuwa ikiwahesabu tu wale waliotazama kwa zaidi ya sekunde tatu, na kuwaacha waliopita mara moja. Mwaka 2019 ilikubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi iliyofunguliwa na watangazaji. Kampuni kubwa zilizopotoshwa zilikuwa na wanasheria. Muuzaji mdogo anayeona video yake imetazamwa mara elfu nane hana njia ya kujua ni wangapi waliitazama mpaka mwisho, ni wangapi wanaishi nchi nyingine kabisa, na ni wangapi walikuwa na nia ya kununua. Watu 30 waliofungua ukurasa wa bei na kuitazama video ya bidhaa moja wana uzito mkubwa zaidi kwake, kwa kuwa walikuja kwa miguu yao.

Hapa nikiri mpaka wa hoja yangu. Tovuti haimwokoi mtu na kila balaa. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na majirani zao bila kuchagua kati ya jukwaa kubwa na ukurasa mdogo. Intaneti ilipozimwa Tanzania siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, na kubaki imezimwa kwa siku kadhaa, hakuna tovuti iliyosaidia. Wala simshauri mtu ahame mitandao ya kijamii. Huko ndiko watu waliko, na biashara inafuata watu. Mpiga debe wa stendi anaita abiria kwa sauti na anastahili ujira wake, lakini hakuna mwenye basi anayempa mpiga debe kadi ya gari aitunze. Video iitwe na ipigiwe kelele kwenye TikTok na Status, huku nakala ya kwanza, iliyo safi na yenye maelezo yake, ikikaa kwa mwenyewe.

Miaka 15 iliyopita ushauri huu ungekuwa mgumu kuutekeleza. Video kwenye tovuti nyingi ilitegemea Flash, programu ya kampuni ya Adobe ambayo mtazamaji alipaswa kuiweka kwenye kompyuta yake na kuisasisha kila mara. iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuikubali kabisa, na kwenye simu nyingine ilikula betri na kukwama. Njia mpya ya kuweka video moja kwa moja kwenye ukurasa, bila programu ya ziada, ilikuja na HTML5, lugha ya kuandikia kurasa ambayo shirika la W3C liliipitisha rasmi Oktoba 2014. Adobe iliacha kabisa kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020. Leo simu ya bei ya chini inacheza video ndani ya kivinjari kama inavyofungua picha. Kilichobaki kuwa kizuizi ni uzito wa faili na gharama ya bando, na hapo ndipo wajenzi wengi wa tovuti wanapowaangusha wateja wao.

Tuifanye hesabu, kwa kuwa ni rahisi na inafumbua macho. Video ya ubora wa juu, ile ya 1080, inaweza kutumia kilobiti 5,000 kwa sekunde. Dakika moja ni kilobiti 300,000, na ukigawa kwa nane unapata MB 37.5. Ikiwa tovuti imetengenezwa ili video hiyo ianze kucheza yenyewe mara ukurasa unapofunguka, kila mgeni anaweza kumaliza MB 37.5 za bando lake kabla hajasoma hata bei, na wageni mia moja kwa siku wanamaliza karibu GB 4 kwa pamoja. Sasa chukua video ya sekunde 40 iliyobanwa mpaka kilobiti 600 kwa sekunde, sauti ikiwamo, ambayo kwenye kioo cha simu bado inaonyesha vizuri mkono wa fundi na mbao zake. Hiyo ni MB 3 tu. Tofauti kati ya faili hizo mbili haihitaji mtambo wa gharama. Inahitaji mtu aliyekaa akafikiria nani atalipia, na programu ya bure ya kubana video.

Kwa hiyo ninapokutana na hoja kwamba video kwenye tovuti ni anasa isiyomfaa mteja wa bando la siku, jibu langu ni kwamba hoja hiyo inaihusu video mbovu. Mteja apewe picha tuli ya jalada, kitufe cha kuchezea, na chini yake maneno machache: "Sekunde 40, MB 3." Akitaka atabonyeza, asipotaka atasoma maelezo na kuona picha. Kuandika uzito wa faili karibu na kitufe ni adabu ndogo ambayo ningependa kuiona kwenye kila tovuti ya Afrika Mashariki, kwa sababu inamtambua mteja kuwa mtu anayehesabu fedha zake. Wenye vivinjari wenyewe wameshatambua kwamba video inayojianzisha inakera: tangu 2018 Chrome ya Google huzuia, mara nyingi, video inayojianzisha ikiwa na sauti. Isiyo na sauti bado inaruhusiwa, lakini bando linaliwa vilevile.

Faili ikae wapi? Njia nyepesi ni kuiweka YouTube na kuipachika kwenye ukurasa wako. YouTube, iliyoanza mwaka 2005 na kununuliwa na Google mwaka uliofuata kwa dola bilioni 1.65, ina uwezo ambao seva ya bei nafuu haina: huhifadhi video moja katika ubora wa ngazi mbalimbali na kubadilisha ngazi kulingana na kasi ya mtandao wa mtazamaji, ili isikatike njiani. Ubaya wake ni kwamba kichezeo chake hupakua vitu vingi hata kabla ya kubonyezwa, na mwisho wa video mteja anaweza kuvutwa aende kutazama mambo mengine. Kwa video za sekunde 30 au 60 zilizobanwa vizuri, faili ya kawaida kwenye seva yako inatosha. Kwa zile ndefu, kama mafunzo ya dakika kumi ya kufunga betri za umeme jua, YouTube inafaa zaidi, mradi ukurasa uonyeshe picha tuli kwanza na kichezeo kiitwe pale tu mteja anapobonyeza. Na kwa vyovyote vile, faili ya asili ibaki kwenye kompyuta au diski ya mwenye mali. Nimesema kuhusu mamlaka, na mamlaka ya kweli huanzia kwenye nakala unayoweza kuishika.

Turudi kwenye kilichomo ndani ya video, maana ndiko utajiri ulipo. Kanuni ya swali moja kwa video moja inaweza kuonekana ya kitoto, lakini inabadilisha kila kitu. Seremala hahitaji filamu ya "kutuhusu." Anahitaji kuonyesha tofauti ya mninga na mbao laini iliyopakwa rangi ya mninga, kwa kukwangua kidogo upande wa ndani usioonekana. Anahitaji kuonyesha jinsi pembe za kitanda zilivyokatwa zikaingiana badala ya kushikwa na misumari mitupu, na jinsi kitanda kinavyofunguliwa ili kipite kwenye mlango mwembamba. Mshonaji aonyeshe namna ya kujipima kifua, kiuno na urefu kwa futi ya kitambaa, ili mteja wa mbali asitume vipimo vya kubahatisha. Mwenye nyumba ya wageni Jambiani aonyeshe njia kutoka barabara kuu hadi mlangoni, na bahari inavyokuwa maji yakijaa na yakitoka, kwa sababu mgeni asiyejua tabia ya pwani ya mashariki ya Unguja hushangaa kukuta maji yamekwenda mbali na ufukwe. Mambo hayo mwenyeji anayaona madogo mno hata hafikirii kuyarekodi, kumbe ndiyo yanayomzuia mteja kulipa.

Video ya namna hiyo ikikaa ukurasani inahitaji maneno pembeni yake. Mashine za kutafutia husoma maandishi kwa urahisi kuliko zinavyoelewa picha inayotembea, na mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba katika matokeo yake ya utafutaji itaonyesha picha ya video pale tu ambapo video ndiyo kitu kikuu cha ukurasa husika. Maana yake kwa mfanyabiashara ni kwamba kurundika video 12 kwenye ukurasa wa kwanza hakumsaidii apatikane. Kila swali lipewe ukurasa wake, kichwa cha habari kiwe swali lenyewe kwa maneno ya mteja, video ifuate, na chini yake aya mbili tatu zenye jibu hilohilo kwa maandishi, bei, na namba ya kulipia. Na lugha iwe ile ambayo mteja huuliza nayo. Tovuti nyingi za biashara ndogo Tanzania na Kenya zimeandikwa kwa Kiingereza kwa wateja ambao ana kwa ana huhudumiwa kwa Kiswahili tangu salamu hadi malipo. Video imewaondolea wenye biashara kisingizio cha kuandika, kwa kuwa fundi asiyependa kuandika anajua kusema, na anasema vizuri sana akiwa ameshika kazi yake mkononi.

Maandishi yanayopita chini ya picha ya video, yakiandika kinachosemwa, nayo yasiachwe. Wateja wengi hutazama wakiwa ndani ya daladala au ofisini, simu imezimwa sauti, na wako wateja viziwi ambao bila maandishi wanafungiwa mlango kabisa. Programu nyingi za simu huweka maandishi hayo zenyewe, ila Kiswahili chake bado kina makosa, hasa kwenye majina ya mbao, vitambaa na vyakula. Mwenye biashara ayasome na kuyasahihisha mstari kwa mstari, kwa kuwa "mninga" ikigeuzwa neno jingine ushahidi wote umepotea.

Sasa nifikie pingamizi ambalo naliona kuwa zito kuliko yote kwa miaka ijayo. Kampuni ya OpenAI ilionyesha Sora, programu ya kutengeneza video kutokana na maneno tu, Februari 2024. Mei 2025 Google ikatoa Veo 3, inayotengeneza video pamoja na sauti zake. Kama akili unde itaweza kumtengenezea mtu yeyote video nzuri ya kabati bila kabati kuwapo, kuna faida gani kuhangaika kurekodi? Na kama video nayo itadanganya kama picha, si ombi la "nitumie video" litakosa maana?

Nakubali kwamba kwa sehemu litakosa maana. Matapeli watakuwa na video za kuvutia, na mteja aliyejifunza kutoiamini picha atajifunza kutoiamini video laini isiyo na kasoro. Lakini tazama nini kitapanda thamani hali hiyo ikifika. Pambo litakuwa bei rahisi mno, hivyo halitamtofautisha yeyote. Kinachobaki kigumu kughushi ni mlolongo: karakana ileile, mikono ileile, sauti ileile, kwenye video 40 zilizowekwa kwa miaka mitatu, kwenye anwani moja isiyobadilika, pamoja na namba ya simu inayopokewa na mtu mwenye sauti hiyo. Ni fundi anayechukua simu na kurekodi kabati la mteja huyu, akitaja jina la mteja na tarehe ya siku hiyo. Akaunti iliyofunguliwa wiki iliyopita haiwezi kuwa na historia hiyo, hata kama kila video yake inang'aa. Zipo pia jitihada za kiufundi za kuweka alama za asili ndani ya faili, kama umoja wa C2PA ulioanzishwa mwaka 2021 na kampuni zikiwamo Adobe na Microsoft pamoja na shirika la BBC, ila itachukua muda kabla mteja wa kawaida hajaziona kwenye simu yake. Mfanyabiashara mdogo hawezi kusubiri. Historia yake ndiyo alama yake, na historia hiyo haikusanyiki kwenye Status inayofutika kila baada ya saa 24. Kwa hiyo ujio wa akili unde, ambao wengi wanaudhani unaibomoa hoja ya kuwa na video za kweli kwenye tovuti yako, kwangu ndio unaoipa hoja hiyo nguvu mpya.

Ushahidi una wajibu wake pia. Kuonyesha uso wa mteja, au watoto wanaopita dukani, bila ridhaa ni kosa linaloweza kugharimu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Septemba 2023 ofisi ya Kenya inayosimamia sheria hiyo iliutoza mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake, na shule moja shilingi milioni 4.55 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kiasi hicho kinafunga biashara ndogo. Rekodi bidhaa na mikono yako, na ukitaka uso wa mtu, muulize na uhifadhi jibu lake. Muziki wa msanii nao una mwenyewe, na kwa video ya ushahidi sauti ya randa kwenye ubao inasema zaidi kuliko wimbo wowote.

Limebaki suala la muda na fedha, na sitalichukulia kwa wepesi, maana mwenye biashara ndogo ndiye mkurugenzi, fundi, mhasibu na mlinzi kwa wakati mmoja. Jina la tovuti linaloishia na .co.tz au .co.ke hulipiwa ada kila mwaka, na kuna gharama ya seva. Kwa anayeuza bidhaa moja kwa watu wa mtaa mmoja, gharama hiyo haina sababu, na asilazimishwe na mtu. Kwa anayetuma mzigo mikoani au nje ya nchi, anayepokea malipo kabla ya mteja kugusa bidhaa, ukurasa wake unamlipa mara ya kwanza mteja anapoacha kusita. Na wanaojenga tovuti hizi, vijana wetu wengi wenye ujuzi mzuri, waache kuwauzia watu video za mapambo zenye MB 40. Wawauzie kurasa nyepesi, wawafundishe kubana faili, na wawaonyeshe namna ya kuongeza video mpya wenyewe bila kupiga simu kuomba msaada kila mara.

Wewe mwenye biashara, fungua mazungumzo yako ya WhatsApp ya mwezi huu na utafute swali lililoulizwa mara nyingi zaidi. Lijibu kwa video ya sekunde 40 ukiwa umeishika bidhaa yenyewe, ibane mpaka MB 3, iandikie maneno yake kwa Kiswahili, na uiweke kwenye ukurasa wako kabla hujaituma kwingine kokote.